Vyombo Nilivyovichagua kwa Mashua ya Mkwe Wangu

Wadogo zangu wa atelye, siku niliyorudisha ufunguo mliniomba niandike kidogo juu ya kazi. Nikadhani ni adabu tu ya kuagana, maneno ya kusindikizia soda. Wiki mbili hazijapita, mmoja wenu akanifuata mpaka nyumbani na daftari jipya na kalamu mbili. Nilishtuka. Haya basi, mmeyataka wenyewe. Sitaandika nani alipandishwa cheo na nani alirukwa, hayo mmeyapigia soga miaka yote na mnayajua kunishinda. Nitajitahidi na Kiswahili cha shule, ila watu wakifungua kinywa nitawaacha waseme kama tunavyosema hapa Kalemie, kando ya ziwa.

Niliingia atelye, karakana yetu ya bandarini, nikiwa na miaka ishirini na mbili, mwanamke wa kwanza kushika chuma cha kulehemu mle ndani, na siku hiyo nilikuwa nimetengeneza nywele vizuri sana. Fundi mkuu, Papa Faustin, alikuwa mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Aliniweka mbele ya dira, ile tunayoita busole, akaniambia nisome kaskazini iko wapi. Nikainama, nikasoma. Akaniambia nisogee nyuma, nisome tena. Sindano ilikuwa imehama. Nikainama tena, ikarudi pale pa kwanza. Nasema kweli, nilidhani ni uchawi. Papa Faustin akanyoosha mkono, akachomoa vibanio vitatu vya chuma kichwani kwangu, akavipanga mezani kimoja kimoja. “Hii chombo haina akili, mama,” akasema. “Inaamini kila chuma.” Tangu siku ile nimefunga kitambaa kazini, miaka thelathini na sita.

Alinifundisha kwa masikio kuliko kwa macho. Kila asubuhi, kabla sijagusa bisibisi, alinikalisha mbele ya foni, redio kubwa ya masafa marefu ambayo hospitali, misheni na wenye mashua huongelea kutoka mji hadi mji. Nivae vipokea sauti, nimwambie ninasikia nini. Mvumo ule ni radi ya mbali. Kukwaruza kule ni antene iliyolegea. Mlio ule mwembamba ni jenereta ya jirani, na jirani hatakubali kamwe kwamba ni yake. Nilichoka, nililalamika, nikamwambia nimesomea umeme si muziki. Akanivisha tena vipokea sauti. Baada ya mwaka nilikuwa naweza kukwambia foni ina ugonjwa gani kabla hujaifungua, nikajishangaa mwenyewe.

Mambo niliyoyaona kwenye kazi hii, jamani, yalinifanya nibaki kinywa wazi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mashua moja ilikuwa kila safari ya Moba inaelekea kati ya ziwa, nahodha anaapa anafuata dira kama tulivyomfundisha. Nikapanda kuitazama. Mwenye mashua, kwa kuogopa wezi wa bandarini, alikuwa ameipeleka dira kwa mchomeleaji, ikazungushiwa kizimba cha nondo na kufuli kubwa juu. Hakuna mwizi aliyeigusa, kwa kweli. Mashua nyingine ililetwa kwamba batri yake ni ya uongo, inakufa kila jioni. Nikafungua kasha nikakuta simu kumi na moja za abiria zimening'inia kwenye nyaya zinachajiwa, moja ikiwa ya mke wa mwenye mashua. Hayo yalinishangaza, lakini yalikuwa mambo ya kucheka. Ninalotaka kuwaandikia hasa si la kucheka.

Mwaka wangu wa mwisho kazini alikuja Papa Ilunga, mfanyabiashara wa samaki wakavu na mahindi. Alikuwa amechoka kungoja mafuta. Wiki nzima mashua inakaa gatini, samaki wanaoza, kwa sababu hakuna petroli mjini. Basi akajenga mashua ya tanga, urefu wa mita kumi na mbili, mlingoti mmoja, makasia manne, na hakutaka moteri hata moja. Bandari nzima ilimcheka. Akaja atelye na katoni chini ya kwapa, kitu alichokileta kutoka Kigoma: kioo cha rangi chenye ramani ndani. Alikiweka mezani kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Nikakiwasha, tukasubiri. Kwa mujibu wa kioo kile, mimi na Papa Ilunga tulikuwa tumesimama ndani ya maji, na mashua yake, iliyokuwa inaelea gatini mbele ya macho yetu, ilikuwa juu ya mlima. Ziwa lenyewe lilikuwa buluu tupu, halina kina, halina mwamba, halina kijiji. Papa Ilunga alikitazama, akaitazama mashua, akakitazama tena. Sijawahi kuona mtu mzima akisikitika vile.

Nikamwambia tuanze upya. Mashua ya tanga, sikilizeni vizuri wadogo zangu, haina moteri ya kuchaji batri. Kwa hiyo kila chombo unachotaka kupandisha, uliza kwanza kinakula umeme kiasi gani, halafu ndipo uulize kinafanya nini. Kioo kile kilikuwa mlafi. Badala yake nilichukua kile kidogo cha mkononi kinachosoma setilaiti na kukupa tarakimu tu, ngapi kusini na ngapi mashariki, na kinakula mawe ya betri ambayo utayapata mpaka duka la mwisho la Zongwe, kijiji cha njiani kwenda Moba. Tarakimu hazina ramani ya kukudanganya. Nikaandika orodha ya vijiji vyote vya ufukwe wetu na tarakimu zake, nakala moja kwa mashua, nyingine kwa ukuta wa depo, ghala la Papa Ilunga.

Dira nilichagua ile inayoning'inia kwenye pete mbili, kwa sababu mashua ya tanga hulala ubavu siku nzima, na dira ya kawaida ikilala hivyo sindano inakwama. Nikaiweka mbali na foni zaidi ya urefu wa mkono, nyaya zilizopita karibu nikazisokota. Foni yenyewe nilibishana nayo sana. Zile redio ndogo za mkononi ni nzuri kati ya mashua na gati, lakini hazifiki njia nzima ya Moba. Simu ya setilaiti ilimtamanisha Papa Ilunga. Nikamwuliza ikiishiwa salio katikati ya maji atatuma nani dukani. Basi foni kubwa, waya wa antene umepanda mpaka ncha ya mlingoti, na vishikizo vyake nimevikata kwenye bidoni, yaani dumu la plastiki. Pano za jua za kuchaji batri niliweka mbili, moja kila upande, kwa maana tanga likifunguka upande mmoja, pano ya upande huo huwa gizani. Na kasha la batri nikalifunga kwa kufuli, ufunguo ukabaki kwa nahodha, simu za abiria zikatafute pengine.

Sasa nahodha. Jina lake sitaliandika, kwa sababu ni mume wa binti yangu Espérance, na kwetu mkwe hatajwi jina na mama mkwe wake. Najua familia nyingi za mjini zimeacha. Yeye alilelewa na bibi yake upande wa kusini, bibi aliyeshika mambo ya zamani kwa mikono miwili. Kwao mwanaume hamtazami mama mkwe usoni, hali chakula mbele yake, akikutana naye njiani anapinda, na neno lolote lazima lipitie kwa mtu wa tatu. Miaka mitatu tuliishi hivyo na sikuona shida. Niseme ukweli, nilipenda. Majirani zangu wanagombana na wakwe zao kila Jumapili, mimi wangu tunaheshimiana kwa umbali wa hatua kumi.

Hata siku ya kupima dira tulifanya hivyo. Ilibidi tuizungushe mashua polepole bandarini nusu siku nzima, tukilinganisha sindano na mlima na mnara. Msaidizi wa nahodha, Kabeya, mtu mzima mwenye watoto saba, alisimama katikati yetu. Mimi namwambia Kabeya pindua kushoto, Kabeya anamwambia nahodha aliye hatua mbili nyuma yake, nahodha anamnong'oneza Kabeya, Kabeya ananigeukia. Kabeya alitoka jasho siku ile kuliko sisi wote. Mimi nilikuwa naangalia sindano tu. Kila skrubu ya mashua ile niliifikiria, na jambo lililokuwa limesimama mbele yangu likinitolea jasho sikuliona.

Nilistaafu mashua ikiwa imeshaanza safari. Papa Ilunga akaniomba, kwa kuwa nina nafasi na foni naijua, niwe nakaa kwenye depo siku za safari nipokee habari: saa tatu asubuhi, saa saba mchana, saa kumi. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Ilinifurahisha kusikia vyombo vyangu vikifanya kazi. Wiki kadhaa ilikuwa sauti ya Kabeya, kubwa, safi, tuko hapa, upepo uko hivi, mzigo uko salama. Nilikuwa narudi nyumbani natembea kama bibi harusi.

Kisha ikafika Jumapili moja ya kiangazi. Mashua ilikuwa inarudi kutoka Moba. Ni ule msimu ambao moshi wa mioto ya porini unakaa juu ya ziwa na milima ya ufukwe inapotea kabisa, ukiwa majini huoni kitu ila weupe. Papa Ilunga alikuwa amekwenda mji wa Nyunzu kutafuta mahindi, na depo pamoja na bandari nzima ilikuwa tupu kwa sababu watu wako kanisani au wamelala. Saa tatu niliita, kimya. Nikakasirika kidogo, nikasema Kabeya amelewa huko Moba. Nikaita tena saa nne, na saa tano. Kimya.

Saa saba nilipoita, foni ikafunguka. Ukifanya kazi hii muda mrefu unajua mtu akibonyeza kitufe kabla hajasema neno. Kulikuwa na kubonyeza, halafu kuachia. Nikaita, ikabonyezwa, ikaachiwa. Nikasema moyoni, mikrofoni imekufa. Nikaanza kumwelekeza yeyote aliye upande wa pili kama ninavyoelekeza kila mtu. Chomoa mikro, rudisha. Tikisa waya wake. Angalia fyuzi. Hamia masafa ya pili. Nikahamia mwenyewe masafa ya pili, nikangoja, na kweli akanifuata huko: kubonyeza, kuachia. Anasikia kila ninachosema, anafanya kila ninachosema, na hajibu. Nilishangaa sana. Hitilafu ya namna hiyo sikuwahi kukutana nayo.

Nikavaa vipokea sauti, nikafumba macho kama Papa Faustin alivyonizoeza. “Bonyeza tena, ushikilie,” nikasema. Akashikilia. Nikasikia upepo. Nikasikia tanga likipiga na maji yakisugua ubao. Mikrofoni iliyokufa haileti upepo, wadogo zangu. Ile mikrofoni ilikuwa nzima kabisa. Na nyuma ya upepo, mbali kidogo, nikasikia mwanamke akiguna, mguno mrefu ambao kila aliyezaa anaufahamu.

Hapo ndipo akili ilinijia yote kwa mpigo mmoja. Aliyeshika mikrofoni hakuwa Kabeya. Alikuwa mkwe wangu, na kutoka upande huu wa foni alikuwa anasikia sauti ya mama mkwe wake. Nilikuwa nimechagua dira, nimechagua antene, nimechagua hata aina ya skrubu zisizoshika kutu, halafu nimeweka mama mkwe mwisho mmoja wa foni na mkwe mwisho mwingine. Nilishika kichwa. Ningeweza kutoka nje kutafuta mwanaume wa kumshikisha mikrofoni, na niliinuka mpaka mlangoni, barabara haina hata mbwa. Mchana ule sauti ilikuwa inafifia kidogo kidogo kama inavyofifia wakati wa joto. Nikaogopa nikitoka sitamkuta tena. Nikarudi kukaa.

Nikamwambia, kwa sauti ya chini maana na mimi nilikuwa naona haya:

“Mukwe wangu, usiseme. Bonyeza, gonga mikro na ukucha. Moja ni ndiyo, mbili ni hapana. Umesikia?”

Upepo, kisha ukucha: moja.

“Kabeya iko na wewe?”

Mbili. Baadaye nilijua kwamba Kabeya alibaki Moba na homa kali, na mfuko wake wenye orodha ya vijiji ukabaki naye.

“Kuko mugonjwa?”

Moja.

“Mwanamuke?”

Moja.

“Uchungu ya kuzaa?”

Alichelewa. Mambo hayo mwanaume hayazungumzi na mama mkwe hata kupitia kwa mtu wa tatu. Kisha akagonga, moja.

Nikajisemea, sawa, hii ni kazi, nimeshapitisha kwenye foni habari za wajawazito wengi. Nikamwuliza kama kuna wanawake wengine mashuani wa kumsaidia; wapo. Nikafikiria familia ya mgonjwa. Ikiwa ana watu hapa Kalemie, nitawaita wajiandae.

“Iko na ndugu hapa?”

Moja.

“Ninabajua?”

Moja.

Espérance alikuwa Moba kwa dada yangu tangu mwezi uliopita. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imebakiza wiki nne au tano. Tulikubaliana atarudi kuzalia kwangu, kwa meli kubwa, na mimi mwenyewe nilimkataza mashua ya tanga. Nilimkataza mashua niliyoipanga kwa mikono yangu, fikirieni hilo. Nikalazimisha kinywa kufunguka.

“Ni Espérance?”

Upepo ulisikika muda mrefu. Tanga likapiga mara mbili, tatu. Kisha ukucha, moja.

Nilishtuka mpaka nikasahau kitufe kiko wapi, mimi, fundi wa foni. Halafu hasira ikanipanda. Tangu saa tatu asubuhi naita! Tangu saa tatu mwanangu yuko kwenye uchungu majini, na huyu mtu ameshika mikrofoni nzima mkononi, anaona haya. Nilitamani kumtukana. Nilikuwa na maneno tayari kabisa. Nikasikia yule mguno tena, safari hii nikiujua ni wa nani, na maneno yakaniisha.

Baadaye Espérance alinieleza kwamba alichoka kungoja meli akapanda na mumewe, na kwamba asubuhi ile abiria mmoja, mama muuza vitunguu, alijitolea kunijibu. Aliachia kitufe wakati wa kusema na kukibonyeza wakati wa kusikiliza, akanipigia kelele saa nzima, mimi nisipate hata neno moja. Hilo nalo nimekwishawaambia wateja mara elfu, na sikufikiri kulibandika kwa karatasi juu ya foni ile.

Sasa ilikuwa lazima nijue wako wapi. Nilimwuliza kama anaona nchi kavu. Mbili. Kama anajua Zongwe amekwisha kuipita au bado. Mbili, na hiyo haikuwa hapana ya mtu mvivu, ilikuwa ya mtu anayejua kila mlima wa ufukwe ule na leo hauoni hata mmoja. Zongwe kulikuwa na kituo cha afya chenye foni, na mkunga, Mama Agnès. Nikamwambia achukue kile chombo cha tarakimu, anigongee kusini kwanza, tarakimu moja moja, na sifuri abonyeze muda mrefu bila kugonga. Akagonga sita. Nikarudia, akathibitisha. Akagonga nne. Akagonga tatu, nikasikia tano kwa sababu tanga lilipiga katikati. Nikarudia tano, akagonga mbili, hapana. Tukaanza upya. Tarakimu za mashariki zilichukua muda mrefu zaidi, na katikati yake alikoma, nikasikia mwanangu anamwita kwa jina lake. Yeye anaruhusiwa.

Nilipoziweka tarakimu kando ya orodha ya ukutani, nikapiga hesabu mara tatu. Zongwe alikuwa ameipita kidogo tu, ila alikuwa mbali na ufukwe kuliko mtu yeyote angedhani. Upepo wa kusini ulikuwa umemsukuma tangu asubuhi. Nikampa mwelekeo wa dira: mbili, tano, sifuri. Magharibi, kidogo kusini. Nikamwuliza kama kuna chuma chochote karibu na dira, sufuria, panga, kisu. Akagonga moja. Baadaye nilijua kwamba walikuwa wameteleka maji kwa ajili ya uzazi, na sufuria pamoja na jiko la mkaa vilikuwa vimewekwa miguuni pake, pale pasipo na upepo. Nikamwambia aviondoe, apeleke mbele kabisa. Nikangoja. Nikamwuliza kama sindano imehama. Moja.

Nikaita Zongwe. Mungu alisaidia, foni ya kituo ilikuwa wazi, na Mama Agnès mwenyewe alikuwa karibu. Nilimweleza. Akauliza swali moja, mashua itajuaje pa kuingilia kwenye moshi ule. Nikamwambia wapige kengele ya shule, ile rimu ya gari iliyotundikwa, wasiache hata kidogo. Akasema watapokezana. Nikarudi kwa mkwe wangu, nikamwambia akikaribia asisikilize foni tena, asikilize chuma. Akagonga moja. Halafu akagonga tena, moja, bila kuulizwa chochote, na foni ikanyamaza.

Saa nzima na nusu nilikaa peke yangu kwenye depo ya Papa Ilunga kati ya magunia. Hapo ndipo nilipofikiria mnayopaswa kuyajua, kwa hiyo nayaandika hapa hapa. Mtu akiwajia kuchagua vyombo vya mashua, mtamwuliza urefu wa mlingoti, mtamwuliza batri, mtamwuliza njia gani anapita. Mwulizeni pia nani atakuwa anaongea na nani. Mwulizeni msaidizi akiugua nani atashika mikrofoni, na je, huyo ana ruhusa ya kufungua kinywa mbele ya aliye upande wa pili. Msione haya kuuliza. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na sita ya kazi na sikuuliza, na mashua ilikuwa na mwanangu ndani. Nililia pale, nasema wazi. Nililia kwa woga, na kwa aibu ya fundi.

Saa tisa ikapita. Niliita Zongwe, mtu mmoja akanijibu kwa haraka kwamba kengele bado wanapiga na hawaoni kitu, akakata. Nikakaa tena. Nilijaribu kusali, nikajikuta nahesabu tarakimu badala ya sala, sita, nne, tatu. Nilijiuliza kama ile tatu haikuwa tano kweli.

Kisha foni ikafunguka bila mimi kuita. Upepo ulikuwa mdogo. Hakukuwa na tanga. Nilisikia rimu ikilia karibu sana, watu wengi wakiongea kwa pamoja, na katikati yao mtoto mchanga analia, analia kwa nguvu kama mtu aliyeonewa. Halafu sauti ya mwanaume, nzito, imekauka, ikasema:

“Mama. Bote bawili bako bazima. Ni mwanamuke.”

Sikuitambua. Nilidhani ni muuguzi, au mvuvi yeyote wa Zongwe aliyerukia mashuani akashika mikrofoni. Na mazoea ya kazi ni mazoea, hata machozi yakiwa yanakutoka. Nikabonyeza kitufe, nikauliza kama ninavyouliza kila mtu:

“Nani anasema? Jitambulishe.”

Mtoto akaendelea kulia. Nikasikia ukucha ukigonga mikrofoni, mara moja.